Mlango Aliouruka Onofre

Haya alinisimulia dada yangu Edelmira, majira ya baridi yaliyopita, tukimenya viazi.

Bahari ilikuwa imekula ua wao hadi kizingitini, ikabidi nyumba ihamishiwe kilimani. Kwetu nyumba ya mbao huvutwa nzima na maksai wa majirani, na mwenye nyumba ndiye hupita mlango kwa mlango kuwaomba, kisha huwalisha kazi ikiisha. Onofre, mumewe, aliuruka mlango wa Belarmino kwa sababu ya ugomvi wa uzio.

Basi nyumba ikakwama kwenye tope la ufuoni, na maji yanajaa. Edelmira akamkimbilia Belarmino.

"Miaka sita hata salamu hakuna, leo ndiyo mmenikumbuka?"

"Jirani, nyumba inazama!"

"Mumeo si ana miguu? Aje mwenyewe."

Onofre akaja, tope hadi magotini, akavua kofia. "Belarmino, nakuomba."

"Ungeniomba jana, saa hizi ningekuwa nimeshakula chakula chako," akajibu, huku akiwafunga maksai nira.

Maji yalikuwa yanalamba sakafu walipoing'oa nyumba topeni.

Usiku ule Belarmino alilala kando ya jiko lao, ameshiba. Onofre akakaa akisikiliza mawimbi. Aliposikia yako mbali, naye akalala.