Kuku Hakuganda

Tangu asubuhi Fahima alikuwa hatulii. Alikaa, akainuka, akachungulia mlangoni kuona kama wanawake wa chama cha wakamuaji wa mawese wa Gatete wamekwisha kufika, akarudi kuinamia kompyuta kama anayeuguza mgonjwa. Video ilikuwa inaganda. Na mchana huohuo, katika ukumbi huu, video hiyo ndiyo ingeamua kama chama kitaichagua mashine ya kukamulia ya mdogo wake Hakimu, au kama Hakimu atapanda boti kwenda Kalemie kutafuta kazi, kama alivyokwisha kumwambia mama yao.

Mashine yenyewe isingeweza kuletwa. Hakimu aliiunda kwa vyuma vya malori mabovu, akaifunga kwa simenti nyuma ya nyumba yao, Rumonge mjini. Ilibaki video, na mambo ya slaidi ndiyo kazi ya Fahima. Dukani kwao, pale kwenye fotokopi, hata walimu humletea slaidi zao azitie adabu.

Leo adabu ilimshinda yeye. Kwanza slaidi ya nne ilitoa kiboksi cheusi kitupu, kwa sababu alileta slaidi kwenye flashi na video yenyewe akaiacha kwenye kompyuta ya dukani. Kosa la mwanafunzi! Akaichukua upya kutoka simu ya Hakimu. Kompyuta waliyoazima, ambayo umri wake bora usiulizwe, ikaikataa. Akaigeuza kuwa MP4, akaipunguza uzito. Ikacheza kwa kurukaruka. Akaihamisha kutoka kwenye flashi, akaiweka ndani ya kompyuta, akafunga programu zote, hata muziki wa Hakimu. Sasa ikaenda vizuri, ila mahali pamoja tu. Kila ilipofika hapo, gurudumu la mashine lilisimama, likakaa, kisha likaendelea.

"Ni ordinateri tu, dada," alisema Hakimu, akiionyesha kompyuta kwa kidevu. Alikuwa ameegemea ukuta, mkono wa kulia mfukoni mwa koti. "Kata hapo, uunganishe. Hakuna mutu atajua."

"Toa mkono mfukoni unisaidie projekta."

Akaibeba kwa mkono wa kushoto. Mkono huohuo wa kushoto ndio aliomsalimia nao asubuhi Mama Providence, prezida wa chama aliyewafungulia ukumbi, mwanamke wa kuheshimiwa na mji mzima. Fahima alitamani ardhi ipasuke. "Umelelewa wapi weye?" alimwuliza walipobaki wawili, na Hakimu akatazama chini.

Projekta ikawaka. Kwenye kioo kidogo cha kompyuta Fahima alikuwa akitazama gurudumu peke yake, lakini kwenye shuka lililotundikwa ukutani picha nzima ilijitandaza: pipa la machikichi yaliyochemshwa, moshi, na kuku mwekundu akikatiza mbele ya mashine. Gurudumu likasimama. Kuku akaendelea kutembea. Akadonoa chini, akajikung'uta, akaenda zake.

Fahima akarudisha nyuma. Gurudumu likasimama tena, na kuku yule asiye na habari akapita vilevile. Kompyuta haikuwa na kosa lolote. Safari hii aliona na mkono wa Hakimu ukiingia mdomoni mwa mashine, ukisukuma, gurudumu likinasa kwa nguvu na mkono ukichomolewa kwa kasi.

"Hakimu. Mashine inakwama."

"Machikichi yakijaa sana inakaba. Ukisukuma kidogo, inakubali."

"Unasukuma na nini?"

Hakimu aliuzamisha zaidi mkono mfukoni. Akasema polepole, "Nilijua weye utaitengeneza. Hakuna video inakushinda."

Fahima alimkasirikia hadi machozi yakamlenga, na palepale akamwonea huruma, na huruma ndiyo iliyomuuma zaidi. Lakini wanawake walikuwa wameanza kuingia. "Amahoro, amahoro," walisalimiana, viti vikaburuzwa, watoto wakapakatwa. Kukata kipande kile kulihitaji kubofya mara mbili tu. Alipeleka kidole, akakirudisha, akakipeleka tena. Akaiona boti ya Kalemie. Akaviona na vidole vya akina mama hawa, vyekundu kwa mawese. Akaiacha video ilivyo. Itajisemea yenyewe, alijiambia.

Haikujisemea. Gurudumu liliposimama, ukumbi ulicheka.

"Ordinateri imechoka!" alipiga kelele mmoja.

"Usisumbuke, mutoto wangu," alisema Mama Providence. "Ni mambo ya ordinateri. Tumeshaona, mashine iko muzuri sana."

Wakapiga makofi. Hakimu akainua kichwa, uso umemng'aa kama siku ya Idi. Fahima hakuwa amesema uongo hata mmoja. Wanawake wenyewe walikuwa wamemsemea. Kilichobaki ni kwenda slaidi ya tano. Akakiondoa kidole kwenye kitufe.

"Hapana," alisema. "Ordinateri haina shida. Narudisha nyuma. Musiangalie gurudumu. Angalieni kuku."

Wakamwangalia kuku. Kicheko kikafa kidogokidogo, safu kwa safu. Mkono ulipoingia kwenye mashine, mama mmoja alificha wake ndani ya kitenge.

Hakimu alisimama. Fahima alidhani anatoka nje, lakini alikuja mbele, akatoa mkono wa kulia mfukoni. Vidole viwili vilikuwa vimefungwa kitambaa, na kitambaa kimeingia damu.

Mama Providence aliinuka, akamfuata. Akanyoosha mkono. Hakimu akasita, kisha akampa kifundo cha mkono, kama anavyofanya mtu mwenye mkono mchafu, na mama yule akakishika, akakaa nacho.

"Asubuhi nilisema huyu kijana hana heshima," alisema. "Sasa umenisalimu. Leo mashine hatuichukui, baba. Kalemie usiende. Itengeneze ikubali machikichi bila mukono, kisha dada yako atuletee video ingine."

Akamgeukia Fahima. "Na kuku awemo."