Mizani Iliyompima Silvano

Silvano alimwangusha bondia Fakihi wa Masasi raundi ya pili, na Newala nzima ikambeba mabegani. Fakihi alikuwa amepimwa uzito kwao, hospitalini. Silvano alipimwa hapahapa sokoni, kwenye mizani ya mnunuzi wa korosho, mmoja wa wale binafsi walioingia biashara ilipofanywa huria. Kilo zao zikalingana. Nani angehoji siku ya furaha?

Msimu ulipofika, gunia la mkewe Ziada likapandishwa kwenye mizani ileile. Lilitoka kijijini Mnyambe limeshindiliwa hadi likashonwa kwa shida, lakini mshale ukasogea kama limejaa pamba. Wakulima wakachachamaa, kisha wakamgeukia bingwa wao.

"Baba Hamida, wewe ndiye wanayekusikiliza," Ziada alisema. "Mizani hii inapunja au haipunji?"

Juu ya lori la mnunuzi, Fakihi, ambaye siku hizi alikuwa kuli wake, akaacha kupanga magunia. Alilisubiri jibu kwa hamu kuliko wote.

Silvano alilitazama gunia. Jasho la mkewe lilikuwa mle ndani.

"Inapunja," alisema.

Mawe yakarushwa, mizani ikasambaratika. Vumbi lilipotulia, Fakihi alishuka taratibu akamsogelea.

"Basi na wewe ilikupunja siku ile. Ulinizidi kilo ngapi?"

Silvano aliinamia vile vyuma, akaokota mshale uliopinda. Haukuwa ukionyesha chochote tena.