Mtoto wa Kuasi

Bitana, kitambaa cha ndani cha pazia, ilikuwa imeshonwa kichwa chini, na kosa la namna hiyo halina dawa ila kufumua. Fundi cherehani alipenyeza ncha ya wembe chini ya uzi, akakata, akaruka mishono mitatu, akakata tena. Mgongo ulikuwa unamuuma. Mapazia ya wodi yalirundikana mezani, mazito, ya kijani kilichopauka, na asubuhi hospitali ingetuma mtu kuyachukua.

Upande wa pili wa meza, binti yake alichomoa nyuzi zilizokatwa na kuzitia kwenye kopo. Nyumbani walimwita Chiriku, kwa sababu ya mdomo. Lakini wiki hii Chiriku alikuwa kanyamaza. Aliosha vyombo bila kutumwa, akakunja nguo za watu wote, akaitika kabla hajamaliziwa kuitwa. Fundi alikuwa ameshajisifu kwa wateja: mtoto kaanza kukua.

"Mama."

"Sema, mwanangu."

"Kuasi ni kufanya nini?"

"Kukataa amri. Askari akigoma kumtii mkubwa wake, ameasi. Mmefundishwa leo?"

"Hapana." Alichomoa uzi mrefu, akauangalia. "Mtu akikosa, halafu akasema samahani, bado ameasi?"

"Umevunja nini tena?"

"Sijui! Ndiyo nauliza. Kama ni ile chupa ya chai, nilishasema. Jumapili kwa shangazi, alimwambia jirani yake, 'Huyu ni mtoto wa kuasi.' Wakaniangalia. Jirani akasema, 'Maskini.' Nilikataa amri ya nani, mama?"

Wembe ulisimama. Wifi yake alikuwa na mnong'ono unaosikika mpaka barabarani, lakini safari hii neno halikufika zima. Mtoto wa kuasili. Silabi moja ilidondoka njiani, na mtoto aliibeba iliyobaki wiki nzima, pamoja na vyombo.

Afisa wa ustawi wa jamii aliwaambia, yeye na mumewe, tangu mwanzo: mwambieni mapema, asije akaambiwa na watu. Walikubali. Akianza shule. Kisha, akipona surua. Kisha, mitihani ikipita. Sasa fundi angeweza kusema shangazi alikuwa anatania, na mtoto angeamini, pengine angecheka. Naye alikuwa amechoka kiasi kwamba uongo ule mdogo ulimjia kama kiti alichosogezewa.

Mlango ulisukumwa. Mumewe, fundi bomba, alitua mkoba wake wa spana sakafuni.

"Mbona kimya? Chiriku amehama?"

"Baba, mimi ni mtoto wa kuasi," alisema msichana, kama mtu anayejisalimisha.

Mume alimtazama mkewe. Mke akatikisa kichwa: si mimi.

"Dada yako," alisema. "Kasikia nusu."

"Mdomo wa dada yangu ungekuwa bomba, ningeshaukaza zamani." Hakuna aliyecheka. Akashusha sauti. "Basi tuseme baada ya kula, mama watoto. Mtu nimetoka kwenye mtaro."

"Aoshe vyombo kwanza?" aliuliza mkewe. "Kwa nini unadhani ameviosha wiki nzima? Analipia kosa. Nasi tukamsifu."

Mume alikaa sakafuni kando ya mkoba wake.

Fundi aliweka wembe chini. "Hukuasi kitu, mwanangu. Shangazi alisema kuasili. Ni kumchukua mtoto aliyezaliwa na mtu mwingine, mkaenda mahakamani, akawa wenu kabisa. Sisi tulikuasili wewe."

Msichana aliangalia ndani ya kopo. "Kwa hiyo sikukosa?"

"Hukukosa."

"Hata chupa ya chai?"

"Chupa ya chai ulikosa," alisema baba yake.

Kicheko kilimtoka msichana, kikakatikia njiani. "Huyo mtu mwingine ni nani?"

"Mwanamke. Mdogo bado. Alikuzaa, akaona hataweza kukulea, akaomba utafutiwe nyumba."

"Aliniona?"

"Alikubeba siku nzima. Muuguzi alituambia."

"Halafu akachoka?"

Baba alianza kupanga spana zake, ambazo zilikuwa zimepangika.

"Sijui," alisema mama. "Yapo mengi nisiyoyajua. Ninayoyajua, uliza. Nitachoka, lakini nitajibu."

Nje jua lilikuwa linakwenda, na uzi wa kijani haukuonekana tena juu ya kitambaa cha kijani. Mume alijiinua, akakunja mikono ya shati, akaenda kwenye beseni la vyombo. Msichana alibaki amekaa. Kisha akaburuta kigoda chake, akazunguka meza, akakitua karibu na cherehani, ila si karibu sana.

"Jina langu. Nani alinipa?"

Fundi alichomeka pini pale alipoishia. Nusu ya bitana ilikuwa bado kichwa chini. Mtu wa hospitali atangoja.

"La jina ni refu," alisema. "Sogea kidogo."