Lebo ya Dagaa wa Nansio

Wilhelmina Mihayo alikuwa na majivuno, na tuseme ukweli, alikuwa na haki nayo. Mwaka huo wa 1998 soko lilikuwa huria, kila mwenye meza na mhuri amejiita kampuni, na ofisi nyingi za Mwanza zilinunua kompyuta kisha zikaifunika kitambaa cha kufuma, isiingie vumbi. Ya Wilhelmina haikufunikwa. Ilifanya kazi, na aliyeifanya ifanye kazi ni yeye.

Ofisi yenyewe ilikuwa Kirumba, hatua chache kutoka mwaloni, pale boti zinaposhusha samaki, mali ya mzee Abubakary. Biashara yake ilikuwa kuwaambia wanunuzi samaki gani wapo mwalo gani, kabla hawajakodi boti. Hapo awali kila swali lilipigiwa redio ya upepo. Mnunuzi anauliza, karani anaita Nansio, ng'ambo ya ziwa, redio inakwaruza weee, mwisho Nansio inajibu. Akija mnunuzi wa pili na swali lilelile, mnaanza upya. Wilhelmina akaandika programu: jibu likishakuja mara moja, kompyuta inalihifadhi chini ya lebo yake, na mwingine akiuliza, inatafuta lebo hiyo na kulitoa jibu kwenye skrini papo hapo. Jibu lilikaa siku tano, kisha likafutwa. Watu walikuja kuangalia tu, hata wasionunua chochote.

"Binti huyu angezaliwa Ulaya!" alisema Salum, mnunuzi mkubwa wa dagaa wakavu, aliyewapeleka mpaka Shinyanga kwa lori.

"Nimezaliwa Buzuruga," Wilhelmina akamjibu, "ndiyo maana inafanya kazi hata umeme ukiyumba."

Basi ikafika Alhamisi. Meli ya Nansio ilikuwa ndiyo kwanza imefunga gati, na ofisi imejaa wanunuzi, mama mmoja wa makamo alipoingia na gunia kichwani. Hakuomba njia. Alilitua juu ya kaunta, akalifungua mdomo, dagaa wakavu wakamwagika mbele ya skrini.

"Shikamoo, mama," alisema Wilhelmina.

"Marahaba. Mimi Mhoja, kiongozi wa kina mama wanaokausha dagaa Nansio. Nisomee, mwanangu, hiyo mashine yako inasemaje kuhusu dagaa wetu."

Wilhelmina akabonyeza. Skrini ikaandika: *Hakuna*.

"Na hawa ni nini? Mchanga?" Mhoja aliuliza. "Magunia sitini yako ufukweni tangu wiki iliyopita. Manne yamenyeshewa jana. Boti haijaja hata moja!"

Salum akageuka. "Lakini mimi niliuliza Jumanne! Mkaniambia hakuna!"

Mzee Abubakary alikuwa mtu asiyependa kuaibishwa mbele ya wateja. Alikamata kipaza cha redio na kumwita Dorotea, mwakilishi wake wa Nansio, mwanamke aliyeketi kwenye redio ile miaka mitatu bila kukosa hata asubuhi moja. Na redio ile haikuwa na siri. Neno likitamkwa, lilisikika Nansio, Busisi na kila mwalo wenye mashine.

"Dorotea, umenidanganya! Umeficha dagaa wa watu uwauzie jamaa zako. Kuanzia Jumatatu usiguse redio yangu!"

Sauti ya Dorotea ikaja. "Mzee, Jumatatu mliniuliza wabichi. Mbalamwezi yote hii, nani anavua dagaa? Taa za kuwavutia hazionekani majini, wavuvi wako nyumbani wanashona nyavu. Nikasema hakuna. Wakavu hamjani—"

Abubakary akazima redio. Wilhelmina, aliyekuwa akitabasamu tangu asubuhi, aliigeukia skrini upya.

Aliikumbuka Jumatatu ile vizuri. Mpishi wa hoteli alitaka dagaa wabichi, na swali likaenda kamili: Nansio, dagaa, wabichi. Lakini jibu liliporudi, programu ililihifadhi chini ya lebo fupi: *Nansio, dagaa*. Basi. Salum alipouliza wakavu, kompyuta ikaiona lebo ileile, ikamtolea jibu la mpishi. Lebo hizo fupi alizichagua mwenyewe kwa kupenda unadhifu, na kwa sangara hazikuwahi kumsumbua, maana ofisi ile iliulizwa sangara wabichi wakubwa tu.

"Bosi, kosa ni..." alianza.

"Nyamaza," Abubakary alimnong'oneza. "Tukisema mashine imekosea, nani atatuamini tena? Mwakilishi mwingine nitampata."

Hapo ndipo majivuno ya Wilhelmina yalipompanda kweli kweli. Kujivunia kazi, halafu uchafu wa kazi hiyohiyo apakwe mwanamke aliye ng'ambo ya maji? Thubutu! Aliwageukia wanunuzi.

"Dorotea amesema kweli. Yeye aliulizwa wabichi, akajibu wabichi. Mimi ndiye niliyeipa lebo vibaya."

"Nilijua! Mashine!" alicheka mmoja, na kicheko kile kilimuuma Wilhelmina kuliko alivyotegemea. Aliwasha redio tena, akavuta kiti, akaanza kurekebisha.

Hasira haina kiasi. Mara ya kwanza alijaza kila kitu kwenye lebo: mwalo, samaki, wabichi au wakavu, ukubwa, jina la muulizaji, hata saa. Watu watatu wakauliza swali moja, na mara tatu redio ikakwaruza mpaka Nansio, kwa kuwa hakuna lebo iliyofanana na nyingine.

"Jamani, mbona mnaniuliza kitu kimoja kama watoto?" Dorotea alilalamika. Kazi alikuwa nayo mpaka Jumatatu, na aliifanya.

Wilhelmina akashika kipaza. "Dada Dorotea, nisaidie. Kitu gani kikibadilika, na jibu lako linabadilika?"

Dorotea akahesabu. "Mwalo. Aina ya samaki. Wabichi au wakavu. Kwa sangara, ukubwa. Na jibu langu la wabichi usiliweke siku tano, ni la siku moja."

"Na jina la anayeuliza?"

"La nini? Dagaa wanamjua?"

Ofisi nzima ikacheka, na Wilhelmina pia. Akafuta jina, akafuta saa, na jibu la wabichi akalipa siku moja tu. Salum akauliza wakavu, redio ikaita mara moja. Jirani yake akauliza hivyohivyo, skrini ikajibu yenyewe. Mpishi angekuja na swali lake la wabichi angepata lebo yake peke yake. Salum akakodi boti mbili hapohapo.

Ila Mhoja hakuinuka kwenye benchi. "Dagaa wataondoka, asanteni. Na Dorotea? Ametukanwa hewani, mialo yote imesikia, nyinyi mnamsafisha humu chumbani?"

Kesho yake saa moja asubuhi ulikuwa wito wa kila siku, mialo yote ikisikiliza. Wilhelmina alifika mapema, Mhoja nyuma yake.

"Utaiaibisha ofisi," Abubakary alimwambia.

"Ofisi itaaibika, mzee. Mimi nikinyamaza ndipo nitakapoaibika." Akabonyeza kipaza. "Mialo yote, hapa Kirumba. Ni Wilhelmina Mihayo, niliyeandika programu. Jana mlisikia Dorotea wa Nansio akiitwa mwongo. Si mwongo. Alijibu alichoulizwa, mimi nikalihifadhi jibu lake chini ya lebo isiyotosha. Kosa ni langu. Nimelirekebisha, na aliyenifundisha kulirekebisha ni yeye."

"Busisi, nimepokea," redio ikasema. Mialo mingine ikafuata, mmoja mmoja. Nansio ikawa ya mwisho.

"Nansio, nimepokea. Mzee Abubakary yupo?"

Wilhelmina alimpa kipaza. Mzee alikitazama kana kwamba ni cha moto, akakichukua. "Nipo."

"Jumatatu nikae kwenye redio, au nisikae?"

Mialo yote ilikuwa inasubiri, na Abubakary alilijua hilo.

"Kaa, Dorotea," alisema. "Na unisamehe."

Kabla Nansio haijajibu, Busisi ikadakia: "Busisi, nimepokea!"