Robo ya Cherehani

Katika familia hii hakuna kitu kisichogawanywa. Kaka mkubwa, ambaye mtaa mzima unamwita Mkuu kwa kuwa alikuwa mwalimu mkuu mpaka anastaafu, aliwahi kugawa yai moja la kuchemsha kwa watu wanne akitumia rula. Kiini alikipima peke yake. Haki sawa, ndivyo anavyosema. Basi mama yao alipofariki akaacha cherehani, mtu mwenye akili zake angesema apewe Kitindamimba, ambaye ni fundi nguo na alikuwa akishona nayo kila siku ubavuni mwa mama. Thubutu! Mkuu aliitisha kikao, akateua katibu, akasoma ajenda: kuhifadhi kumbukumbu ya mama kwa ajili ya vizazi vijavyo. Kikao kilipofungwa, spana ilikuwa imeshamaliza kazi yake.

Mkuu alichukua gurudumu. Sista, dada yao muuguzi, akapata kanyagio. Kaka wa tatu, fundi umeme, akabeba kichwa. Kitindamimba akabakiziwa meza. "Wewe ndiye mdogo wetu, chukua kubwa," walimwambia, na wakajiona wana huruma kweli. Alifungua mdomo aseme neno, akaona mikono yote imeshanyooshwa kupitisha azimio, akaufunga. Tangu siku ile anashona kwa cherehani ya kukodi.

Mwaka wa pili, binti wa Mkuu akaposwa. Akaja moja kwa moja kwa Kitindamimba.

"Shangazi, nataka gauni langu lishonwe kwa cherehani ya bibi. Mama alishonewa nayo, shangazi Sista alishonewa nayo. Mimi nina kosa gani?"

Kitindamimba alifurahi mpaka akasahau chai mezani. Akashika njia, nyumba kwa nyumba, kukusanya vipande.

Kwa Mkuu, gurudumu lilikuwa ukutani limetiwa mishale na tarakimu, limekuwa saa. Ilikuwa asubuhi, lenyewe likisema saa tisa kasoro. Kwa Sista, kanyagio limepakwa rangi ya dhahabu, limefungiwa kwenye kabati la kioo, na kuliona ni mpaka uvue viatu. Hayo yote yangerekebishika. Lakini kwa fundi umeme, kichwa cha cherehani kilikuwa kimevalishwa kofia ya taa. Alikuwa amekitoboa tundu la waya, juu mpaka chini, katikati kabisa ya mashine.

"Ona inavyowaka!" alisema, akibonyeza swichi.

Kitindamimba aligusa ukingo wa tundu. "Umemtoboa mama."

"Nimemhifadhi," kaka akajibu, na akanuna kwelikweli.

Njia nzima ya kurudi Kitindamimba alilia, wala hakujificha. Chuma si kitu, chuma kinanunuliwa. Kilichomuuma ni kwamba mkono wa mama wa kushona sasa ulikuwa kwake peke yake, naye hakuwa na wa kumwachia. Akifa yeye, basi.

Alimkuta bibi harusi mlangoni. "Cherehani imekufa, mwanangu. Ila mama alishona kwa mkono kabla hajaijua cherehani. Vuta kiti."

Wiki sita walikaa kwenye ile meza ya cherehani. Mishono ya kwanza ya binti ilikwenda upogo kama mlevi anayerudi kwake. "Fumua," shangazi alisema. Akafumua. "Fumua tena." Akafumua huku anasonya, na shangazi akajifanya hasikii.

Siku ya harusi Mkuu hakujizuia. Aliweka meza mbele ya ukumbi, akapanga juu yake gurudumu na taa, kanyagio akaliweka chini mbele yake, akafunga utepe mwekundu, akashika kipaza sauti. Alieleza kwa dakika arobaini jinsi kamati ilivyohifadhi urithi wa mama. Wageni walipiga makofi kwa sababu walikuwa na njaa. Bibi harusi alipopita aende kukaa, pindo la gauni likanaswa na kanyagio la dhahabu, likachanika shaa!

Kitindamimba aliruka kutoka kitini.

"Kaa, shangazi," binti alisema. Akachuchumaa pale pale na gauni lake, akachomoa sindano yenye uzi aliyoichomeka ndani ya mkanda. Akashona haraka, kichwa kimeinama upande, akijiimbia puani wimbo usio na maneno. Alipofika mwisho akakata uzi kwa jino la pembeni, akapigapiga kitambaa mara mbili kwa kiganja, kama anayembembeleza mtoto alale.

Sista alijiziba mdomo. Fundi umeme akainuka, akakaa, akainuka tena. Mkuu, mtu ambaye hajawahi kukosa la kusema akiwa na kipaza sauti, alikishusha.

"Mama alikuwa anafanya hivyo hivyo," alisema, sauti imekuwa ya mtoto. "Nani kamfundisha?"

"Mimi, kaka," Kitindamimba akajibu, machozi yakimtiririka. "Nyinyi mlikuwa mnapaka rangi."