Mama Kurasa Afunga Kitabu

Kazi ya Mama Kurasa ilikuwa kukaa nyuma ya pazia la kushoto, kwenye stuli, na kuwanong'oneza waigizaji maneno waliyosahau. Si sentensi nzima. Maneno mawili tu ya mwanzo, mengine mwigizaji amalizie mwenyewe. Anayeifanya kazi hiyo vizuri, watazamaji hawajui kama yupo.

Zamani na yeye alipigiwa makofi. Miaka kumi na miwili nyuma alicheza malkia, na siku ya onyesho la kwanza maneno yakamtoka kichwani mbele ya ukumbi uliojaa. Mwenzake, ambaye mpaka leo huitwa Mfalme kwa sababu hachezi kingine, angeweza kumtupia neno moja la kumwokoa. Badala yake aliwageukia watazamaji akasema, "Malkia wetu leo kasahau kichwa nyumbani." Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mama Kurasa hakupanda tena jukwaani. Mfalme, kwa jinsi mdomo wake ulivyo mwepesi, huenda aliisahau kauli hiyo kabla hajavua viatu.

Sasa kibao kilikuwa kimegeuka. Mfalme alikuwa mzee na kumbukumbu yake inavuja. Kila alipokwama aligusa mkanda wa joho lake, na Mama Kurasa akampa maneno mawili. Msimu uliopita aliugusa mara tatu kwa onyesho. Msimu huu, mara ishirini. Siri hiyo waliijua wao wawili tu. Mwongozaji alidhani mzee anashika tumbo kwa uchungu wa kifalme, akamsifu.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa kisasi. Mfalme kamuua kaka yake, binti wa marehemu anarudi kudai damu, na kufika mwisho wamekufa wote mpaka mpishi. Binti huyo aliigizwa na binti wa Mama Kurasa mwenyewe, nafasi yake kubwa ya kwanza. Mtu mwenye akili zake angesubiri mchezo mwingine ndipo alipe kisasi chake. Lakini Mama Kurasa alikuwa amechoka kusubiri, na Jumamosi hiyo alasiri waandishi wa magazeti walikuwa safu ya mbele. Aliwaza hivi: mzee atakwama, atachekwa, basi. Binti yangu atasimama tu pale, yeye hayamhusu.

Ilipofika sehemu ya Mfalme kuungama, mzee alisema mistari minne akasita. Akagusa mkanda. Mama Kurasa alihisi maneno yanampanda kooni kwa mazoea, akaogopa yasije yakamponyoka. Kwa hiyo akafunga kitabu.

Mfalme akagusa mkanda tena. Akageuza uso pembeni, macho kama ya mtoto aliyeachwa sokoni. Mama Kurasa akamkazia macho bila kupepesa. Kusema kweli, ilikuwa tamu. Ilikuwa tamu kwa muda wa kama pumzi tano.

Kisha binti akafanya jambo ambalo mama yake hakulitarajia: akamwokoa mzee. Alimwendea, akamshika mkono, akayageuza maungamo yake kuwa mashtaka. "Ulimtilia sumu ukiwa mgeni wake. Ulikula naye sahani moja. Kataa!" Mfalme akainamisha kichwa. Watazamaji walisogea mbele vitini. Mambo yalikwenda vizuri kuliko yalivyoandikwa. Ila binti alikuwa ameruka kurasa mbili, na alipotaka kurudi kwenye maneno yake mwenyewe hakuyapata. Akatazama pembeni.

Mama Kurasa akafungua kitabu. Kilikuwa kimekatwakatwa wakati wa mazoezi, vipande vya karatasi vimebandikwa juu ya vingine, na njia pekee ya kutopotea humo ilikuwa kutoondoa kidole kwenye mstari unaosemwa. Alipekua mbele, akapekua nyuma. Mwishowe akanong'ona alichokumbuka kutoka mazoezi ya mwanzo: "Mwili wake..."

Binti hakusita. Sauti hiyo alikuwa akiiamini tangu hajajua kusoma. Akanyoosha kidole sakafuni, akalia kwa uchungu: "Mwili wake huu hapa miguuni pako! Mtazame usoni!"

Sakafuni hapakuwa na kitu. Maiti ilikuwa imeondolewa kwenye mchezo wiki mbili nyuma, kwa sababu aliyeicheza alikuwa na kikohozi. Mtu mmoja safu ya mbele alicheka, mwingine akadakia, na ukumbi mzima ukalipuka. Binti alibaki ameelekeza kidole kwenye mbao tupu mpaka pazia liliposhushwa.

Mwongozaji aliingia chumba cha kuvalia akifoka. "Nani kaniharibia kazi?"

"Mimi," Mfalme alisema. Alikuwa amekaa kwenye benchi, taji bado kichwani. "Kumbukumbu imekwisha, na leo nimegundua masikio nayo yamekwisha. Mama Kurasa lazima alinipa maneno, lakini sikusikia hata moja. Usimguse huyo mama, amenibeba sana. Mimi nimefika mwisho, mwanangu. Tafuta mfalme mwingine."

Mama Kurasa aliona aibu, lakini akamwacha mzee abebe lawama.

Binti alikuwa mbele ya kioo anafuta rangi. Kitambaa kikasimama shavuni. Mzee alipogusa mkanda, yeye alikuwa amesimama hatua mbili kutoka pazia la kushoto, karibu kuliko mzee, na masikio yake hayakuwa na kasoro yoyote. Alimtazama mama yake ndani ya kioo. Kisha akainuka.

"Babu, simama nikuvue hilo joho."

Mwongozaji alipoa kidogo. "Kesho mazoezi saa nne, na mfalme mpya. Utakuja?"

"Nitakuja. Ila pale pembeni akae mtu mwingine."

"Kwa nini tena? Si mama yako?"

"Mtu mwingine tu."

Mama Kurasa alisimama mlangoni na kitabu chake, akisubiri binti yake amuulize kwa nini alinyamaza. Angemjibu, angemweleza yote toka mwanzo. Binti alimshika mzee mkono, wakatokea mlango wa nyuma.