Umati wa Manju Maige

Kwetu Usukuma, ngoma ya baada ya mavuno huamuliwa na miguu ya watu. Manju wawili huanza kucheza kwa wakati mmoja, kila mmoja na uwanja wake, na mtazamaji huenda anakopenda. Jua likiinama, wazee hutazama tu umati uko wapi. Aliyehama hadaiwi.

Mwaka ule, karibu na Kolandoto, chama cha ngoma cha Bagika kilikuwa na Mageni, kijana mrefu anayecheza na chatu. Sisi wa chama cha Bagalu, manju wetu alikuwa Maige. Mimi nilipiga ngoma kubwa, na kinyongo ninacho bado, kwa hiyo nitasema.

Maige alikuwa na lake. Yeye na Mageni walimposa msichana mmoja, Limi, na baba yake akapokea ng'ombe wa Maige. Sote tuliamini kwamba ng'ombe ndio walioamua. Mtoto wao Mbuke alikwishaanza kutembea, na Maige bado alikuwa akiungua: Limi angeulizwa, angemtaja nani?

"Leo ataonyesha kwa miguu," aliniambia akifunga njuga. "Akienda kwa Mageni, namrudisha kwao."

"Na sisi wenzako?"

"Ninyi mtajijua."

Hapo ilinipasa niache ngoma niende kulima.

Mchana tuliwashinda. Mageni alipotoa chatu, wachache walimkimbilia, wakaogopa, wakarudi kwetu. Maige hata hakuwaona. Alirusha juu jembe lake la kuchezea, akalidaka, macho kwa mkewe aliyesimama mbele. Kisha akageuka, akageuka tena, na Limi hayupo.

"Mama Mbuke yuko wapi?"

"Mimi napiga ngoma, sichungi wake za watu."

Kule kwa Mageni vigelegele vikapanda. Maige akatupa jembe akatoka mbio kuelekea huko. Wachezaji wetu wakadhani ni mtindo mpya, wakamfuata, majembe mabegani. Umati nao ukaona hata manju amevutwa, basi huko kuna jambo, ukahama wote. Nikabaki mimi na vumbi.

Limi akatokea upande wa kisimani na kibuyu kichwani.

"Wamekwenda wapi?"

"Wamemfuata mumeo. Anakutafuta kwa Mageni."

Akatua kibuyu, akasimama palepale pake pa mbele. Nikaendelea kupiga, kwa hasira.

Wazee hawakupata kazi ya kuamua. Mageni akabebwa juu juu. Maige akarudi anahema, akamkuta mkewe, mtazamaji pekee katika uwanja wake.

"Ulikuwa wapi?"

"Kukuchotea maji, Baba Mbuke."

"Baba yako angekuuliza siku ile, ungemtaja nani?"

"Baba aliwataka ng'ombe wa Mageni. Ndio waliokuwa wanene. Mimi niligoma kula mpaka akawakataa, akapokea wako waliokonda."

Nikasema moyoni, haya, sasa huyu mtu atapona. Mtu amepewa jibu alilolitafuta miaka yote, na mbele ya shahidi.

Maige akakaa chini, akafikiri. "Basi siku ile ya mnada," akasema, "Mageni alikwambia nini ukacheka?"

Limi akainua kibuyu, akanipa mimi. Nilikuwa na kiu, nikanywa.

Mpaka leo Maige hanisalimii.